Staa, Hiyo Biti Ina Kwao. Taja Mtaa!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kila akikaa mbele ya maiki anajiita mwanzilishi. Ngoma zake zimejaa singeli tupu, ila Tandale haitaji, Manzese haitaji, Mburahati ndo kabisa. Eti sauti "ilimjia" studio. Ilimjia kutoka mbinguni?

Mashabiki anao mpaka huku Njombe. Ukishuka stendi ya Makambako, bajaji na saluni za kiume zote zinampiga yeye. Muulize kijana wa Ipelele singeli imetoka wapi, atakwambia kwa huyo huyo. Hapo ndo penye tatizo, wadau.

Singeli ni mtoto wa mchiriku, ule muziki wa vinanda vidogo vya Casio uliokesha kwenye shughuli za uswahilini Dar, na ndani yake mna damu ya ngoma za Wazaramo. Wenye nazo waliuita wa kihuni. Kina Msaga Sumu wakakomaa nao kwenye vigodoro. Mwaka 2017 lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Waganda wametaja studio mpaka kwenye jina la albamu, yeye Mbongo anaona aibu!

Mchezo huu Marekani wameshaucheza. Rock and roll ilikuwa na kwao: blues za mashamba ya pamba Mississippi, kinanda cha Fats Domino wa New Orleans, gitaa la Chuck Berry wa St. Louis. Arthur Crudup, mtoto wa Mississippi, alirekodi That's All Right mwaka 1946. Elvis Presley akairudia Memphis mwaka 1954, ikamtoa. Crudup akarudi kwenye vibarua vya shambani, na mpaka anafariki 1974 hela ya maana ya wimbo wake hakuiona. Na Elvis, tuseme ukweli, mzee alimtaja. Staa wa Bongo hata hilo limemshinda.

Machawa wake watasema muziki hauna mwenyewe. Haya, siku akibeba ngoma ya Wakinga, akaweka kinanda juu na kuiita "sauti yangu mpya", Makete mtampigia makofi?