Daftari la Wiki: Mafundi wa sanduku la barua

Programu inapotoa toleo jipya huja na karatasi ya mabadiliko, na karatasi hiyo karibu hakuna anayeisoma. Mimi huisoma. Wiki hii nimekaa na za Roundcube, programu huria ya barua pepe iliyoanzishwa mwaka 2005 na Mswisi Thomas Brüderli. Hata kama jina ni geni kwako, huenda umeshaitumia. Kama una anwani ya ofisi inayoishia na jina la kampuni yako, na unaisomea kwenye kivinjari, kuna uwezekano mkubwa unachokitazama kila asubuhi ni Roundcube.

Juu ya karatasi hukaa mambo ya kujivunia. Toleo 1.4, Novemba 2019, lilileta mwonekano uitwao Elastic, unaojipunguza hadi kuenea kwenye skrini ya simu. Kabla ya hapo, aliyesoma barua ya ofisi kwenye simu alikuwa akiusukuma ukurasa kushoto na kulia akitafuta kitufe cha kujibu. Toleo 1.5 la mwaka 2021 likaongeza mwonekano wa giza kwa wanaosoma usiku. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi hushuka chini zaidi, kwenye mistari mifupi ya marekebisho: kiambatisho kilichokataa kufunguka kwa sababu ya jina lake, barua iliyovurugika mistari ilipojibiwa, anwani iliyokatwa katikati. Nyuma ya mingi ya mistari hiyo yupo mtu aliyekereka, akaacha kazi yake, akaandika kilichomtokea.

*

Mwaka 2015 watu wa Roundcube waliomba mchango kupitia tovuti ya Indiegogo ili waiandike programu upya kabisa, iitwe Roundcube Next. Walihitaji dola 80,000 za Marekani. Zikaingia zaidi ya 100,000. Programu iliyoahidiwa haikuwahi kutoka. Ile ya zamani, iliyodhaniwa inakaribia kustaafu, ndiyo iliyoendelea kupata matoleo mwaka hadi mwaka kwa mikono ya watu wachache, na Novemba 2023 ikaingia chini ya Nextcloud ya Ujerumani.

Simnyooshei mtu kidole. Kuandika programu upya kumewashinda wengi wenye fedha kuliko hao. Ninachokiona ni kwamba kitu ambacho hakijazaliwa hakikosi wachangiaji. Sijawahi kusikia umati ukichanga dola laki moja ili tarehe kwenye orodha ya barua zipangwe sawasawa.

*

Kuna jambo moja linaloifanya kazi ya mafundi hawa iwe ngumu kuliko ya wengine, na ningependa kulikalia kidogo.

Barua pepe za siku hizi huandikwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za wavuti. Programu ya barua inayokaa ndani ya kivinjari inalazimika kuichukua HTML ya mtu isiyemjua na kuiweka ndani ya ukurasa wake yenyewe, ukurasa ambao wewe umeshauingia kwa nenosiri lako. Ni sawa na kumkaribisha mgeni sebuleni na funguo zote za nyumba zikiwa mezani. Ndiyo maana barua huoshwa kabla ya kuonyeshwa: amri za JavaScript hutolewa, vipande visivyotambulika hutupwa, picha zinazovutwa kutoka seva za mbali huzuiwa mpaka mwenyewe uziruhusu. Ndani ya Roundcube kipande kinachofanya kazi hiyo kinaitwa washtml. Jina halina kificho.

Kuosha kunaonekana kazi rahisi, ila vivinjari vina huruma iliyopitiliza. HTML iliyoandikwa ovyo huisamehe, vikakisia mwandishi alikusudia nini. Mwoshaji naye anakisia kivyake. Pale makisio mawili yanapoachana ndipo mdukuzi anapopenyeza mkono.

Oktoba 2023 palipoachana palikuwa kwenye SVG, namna ya kuchora picha kwa maandishi. Watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Slovakia, walikuta kundi linaloitwa Winter Vivern likituma barua kwa ofisi za serikali za Ulaya. Barua ilijifanya imetoka kwa watu wa Outlook. Aliyeipokea hakuhitaji kubofya kiungo wala kufungua kiambatisho. Kuitazama tu kulitosha kuziendesha amri zilizofichwa ndani yake, na barua zake nyingine zikaanza safari ya kwenda kwa wezi. ESET waliripoti tarehe 12. Tarehe 14 kiraka kilikuwa kimeshaandikwa, na tarehe 16 matoleo yaliyorekebishwa yakawa hewani.

Siku nne, kwa programu ambayo mtumiaji wake halipi senti. Nimewahi kusubiri zaidi ya hapo ili huduma ninayoilipia inijibu kwamba malalamiko yangu “yamepokelewa”.

*

“Kaka, email imegoma.”

Fundi gani wa kompyuta wa Dar es Salaam hajapokea ujumbe huo saa tatu usiku, ukiwa na picha ya skrini iliyokatwa pale hasa palipoandikwa kosa lenyewe? Atauliza, “Imegomaje, bosi?” Atajibiwa, “Imegoma tu.” Nusu saa baadaye itajulikana kwamba barua zinaingia vizuri, zinatoka vizuri, ila kiambatisho kimoja kimezidi ukubwa unaoruhusiwa.

Simon Tatham, Mwingereza aliyetengeneza programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 makala ya kuwafundisha watumiaji kuripoti kasoro, na hadi leo mafundi wanaipitisha mkono kwa mkono. Hoja yake kubwa, kwa maneno yangu, ni kwamba fundi anataka kulitazama kosa kwa macho yake. Mpe hatua zitakazomfikisha alipofika yule aliyeumia: toleo la programu, kivinjari, ulichobofya kwanza, ulichobofya kisha, ulichotarajia, ulichokiona. Akifuata hatua hizo na kosa likajitokeza mbele yake, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Mimi ufupi wa “imegoma” naweza kuuvumilia kuliko ubashiri. Mtu haelezi alichokiona, anakuja na hukumu kabisa: seva imejaa, kuna virusi, ni ile programu mliyoiweka juzi. Fundi anapoteza asubuhi nzima akifukuza virusi ambavyo havipo. Mgonjwa akimwambia daktari “nina malaria” badala ya kumweleza homa ilianza lini, daktari mzuri atamrudisha mwanzo. Mafundi wanaojitolea hawana muda huo, wanaifunga ripoti na kuhamia inayofuata.

Kuna ripoti moja tu isiyopaswa kuwekwa hadharani, nayo ni ya tundu la usalama. Miradi mingi ina anwani ya siri kwa ajili hiyo. Ukiiweka mbele ya kila mtu kabla kiraka hakijapatikana, umewasaidia wezi kwanza.

*

Hata siri ikitunzwa vizuri, ina mwisho wake. Juni 1, 2025 Roundcube ilitoa matoleo 1.6.11 na 1.5.10 kuziba kasoro iliyokuwa imejificha humo takriban miaka 10. Ilimwezesha mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa kuendesha amri kwenye seva yenyewe, na ukali wake ulipimwa 9.9 kati ya 10. Mgunduzi, Kirill Firsov, alikusudia kuyachelewesha maelezo ili wenye seva wapate nafasi. Haikusaidia. Katika programu huria kiraka hakina pazia: anayejua kusoma msimbo hulinganisha toleo la jana na la leo, na palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Ndani ya siku chache njia ya kulitumia tundu hilo ilikuwa ikiuzwa kwa wadukuzi, naye Firsov akaona heri aeleze kila kitu mapema.

Tangu hapo ni mbio kati ya mwizi na msimamizi wa seva, na hapa kwetu lazima tuulize, msimamizi yupi? Duka la vifaa la Kariakoo au shule binafsi ya Nakuru haikuichagua Roundcube. Ilinunua jina la tovuti na nafasi ya kulihifadhi kwa malipo ya mwaka, ikaingia cPanel, jopo la kuendeshea tovuti, ikakuta barua pepe imeshawekwa. Zamani humo kulikuwa na nembo tatu, Horde, Roundcube na SquirrelMail, na watu walibofya iliyowajia machoni kwanza. Seva ikiwa mikononi mwa kampuni makini, kiraka huingia usiku mwenye duka akiwa amelala. Ikiwa iliwekwa na kijana aliyelipwa mara moja akahamia Dodoma, kiraka hakiingii kamwe, na hakuna atakayejua hadi barua za madeni zianze kwenda kwa wateja zikiwa na namba ya akaunti isiyo ya duka.

Kwenye menyu ya Roundcube kuna kitufe kinachoonyesha toleo, isipokuwa kama msimamizi amekificha. Kitazame leo. Ukikuta toleo linaanza na 1.4, mtafute huyo kijana.

*

Ripoti nzuri nayo inaweza kuangukia kwenye ukimya. Novemba 2021 watafiti wa kampuni ya Sonar waliwaandikia watengenezaji wa RainLoop, programu nyingine huria ya barua, kuwaeleza tundu lililomwezesha mtuma barua kuiba yaliyomo sandukuni mwa mpokeaji. RainLoop, inasikitisha kusema, iliiosha barua ipasavyo, kisha ikaichezea tena baada ya kuiosha, na uchafu ukarudi. Hakuna aliyewajibu. Aprili 2022 Sonar wakatangaza kila kitu, wakatoa kiraka chao wenyewe, na kuwashauri watumiaji wahamie SnappyMail.

SnappyMail ni nini? Ni RainLoop hiyohiyo, iliyochukuliwa na mtu mwingine, akaitenga, akaiendeleza kwa jina jipya. Leseni ya programu huria inaruhusu hivyo. Programu yenye leseni ya kufungwa ikiachwa na wenyewe, watumiaji wake hawana pa kuipeleka ripoti wala haki ya kushika bisibisi.

*

Kipengele ninachokipenda kuliko mwonekano wa giza ni kidogo sana. Roundcube ina programu-jalizi inayosoma barua yako unapotaka kuituma. Ikikuta umetaja kiambatisho na hujaweka chochote, inakusimamisha. Haina akili yoyote ya ajabu. Ina orodha ya maneno kwa kila lugha, basi.

Ndiyo maana tafsiri ya programu kama hii haiishii kwenye vitufe. Orodha ya Kiswahili ikiwa na “kiambatisho” peke yake, ofisa anayeandika “nimekuambatanishia” au “tafadhali pokea faili” anaweza kupita bila kuonywa, akatuma barua tupu kwa mkurugenzi. Anayejua jinsi ofisi zetu zinavyoandikiana anaweza kuwapa mafundi orodha nzuri bila kujua mstari mmoja wa msimbo. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vyetu, mpo?

*

Wasimamizi wa miradi huria wana kero mpya. Daniel Stenberg, Mswidi anayeongoza mradi wa cURL, amekuwa akilalamika hadharani tangu Januari 2024 kuhusu ripoti zinazoandikwa na akili mnemba: ndefu, zenye adabu, zenye vichwa vya habari vilivyopangika, na tundu linaloelezwa humo halipo. Kuikanusha moja huchukua saa za mtu anayejua. Mei 2025 alitangaza kwamba atakayemletea takataka ya namna hiyo atafungiwa papo hapo. Namuunga mkono. Kheri “imegoma” ya mtu aliyeona kitu.

*

Nimalizie na SquirrelMail, programu ya mwaka 1999 ambayo haikuhitaji hata JavaScript na iliyofunguka kwenye mtandao wa mwendo wa kobe. Desemba 2007 mtumiaji mmoja alipakua toleo 1.4.12, akalikokotolea alama ya utambulisho, akailinganisha na iliyotangazwa na watengenezaji. Hazikulingana. Wengi wangepakua tena au wangepuuza, yeye aliripoti. Ikabainika kwamba akaunti ya mmoja wa wahusika wa kutoa matoleo ilikuwa imeingiliwa na faili limebadilishwa. Mwanzoni watengenezaji walidhani mabadiliko hayo hayana madhara makubwa. Walipochunguza zaidi wakaona yanamfungulia mdukuzi mlango wa seva, na toleo 1.4.11 nalo lilikuwa limeguswa. Wakatoa 1.4.13 mwezi huohuo.

Horde ilipatwa na mkasa wa aina hiyo Novemba 2011, faili la toleo 3.3.12 likabadilishwa kwenye seva yao wenyewe. Liligunduliwa Februari 2012, likiwa limepakuliwa muda wote huo.