Jina Tupu Haliwashi Injini

Kuna watu wakiona jina la zamani kwenye tangi la pikipiki, hela inatoka kabla hawajauliza injini. Jina linanunulika, bwana. Ufundi unajengwa.

Chukua Triumph ya Uingereza. Ilifilisika 1983, John Bloor, mjenzi wa nyumba, akanunua jina. Hakukimbilia sokoni: alijenga kiwanda kipya Hinckley na kuunda injini mpya, na pikipiki zake zikaanza kuuzwa miaka ya 1990. Jina lile amelistahili.

Norton je? Ilifilisika tena Januari 2020, huku wateja wameshalipa amana na pikipiki hawajaziona. TVS ya India, hao hao wa bodaboda zetu, wakainunua kwa pauni milioni 16. Kuzikagua V4 zilizokwishauzwa, wakakuta kasoro za usalama. Wenye nazo wakaambiwa wasiziendeshe.

Halafu kuna wanaosema eti TVS haina jina! Muulize dereva wa boda anayeshinda nayo barabarani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jina kubwa ni deni. Anayelinunua amenunua na deni lake; asipolilipa kiwandani, atalilipa mteja barabarani.