Rika Si Adui wa Kijana

Mwandishi aliyedai kwamba dawa ya utovu wa nidhamu wa vijana wa Rubavu, hapa Rwanda, ni kuwatenga na wenzao amekosea. Kweli, rika lina nguvu: mwaka 2005 watafiti Gardner na Steinberg walionyesha kuwa vijana hujihatarisha zaidi katika mchezo wa kuendesha gari wakiwa na wenzao. Lakini nguvu hiyo huvuta pande zote. Usiku wa 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, iliyoko katika Mkoa wetu wa Magharibi wa leo, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi waliokuwa wakijisomea darasani wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, wakajibu kuwa wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao wakauawa. Taifa linawaenzi kama mashujaa wa daraja la Imena.

Mwandishi huyo atasema tukio la Nyange ni nadra, na kwamba kishawishi cha kila siku hapa mpakani na Kongo ni kuvusha magendo ya Goma. Sawa. Lakini ukimfungia kijana unamnyima pia timu, kwaya na klabu ya shule, na anayebaki kumngoja njiani ni mvusha magendo yule yule. Wazazi, wajueni rafiki za watoto wenu, wakaribisheni, muwape jambo la maana la kufanya pamoja.