Sauti Yetu Waitaka, Sura Yetu Je?

Majuzi nilikwenda Sigalagala, Kakamega, kumjulia hali mpwa wangu anayesomea ufundi wa umeme. Kwa asiyepajua, Sigalagala ni soko kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, na chuo chake cha ufundi ndicho kilichopavumisha. Mtu wa Pwani akifika pale hujiona yu mbali kweli na bahari.

Usiku, baada ya chakula, vijana walikusanyika chumbani kwa mpwa wangu kutazama sinema katika kompyuta. Ilikuwa Return of the Jedi, ya mwaka 1983, katika zile za Star Wars zinazosimulia vita vya huko kwenye nyota. Mzee mwenye nyumba naye akaja na kiti chake. Ikafika mahali pana rubani mmoja, kiumbe wa ajabu mwenye macho meusi makubwa na mashavu yaliyoning'inia kama mifuko mitupu. Kiumbe yule akafungua kinywa, na mzee, aliyepata kufanya kazi Limuru zamani, akaruka kitini: "Huyu anasema Kikuyu!"

Tulidhani anafanya mzaha, kumbe ni kweli tupu. Sauti ile ilitiwa na Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa Marekani wakati ule. Watengenezaji walitaka lugha ambayo masikio ya kwao hayataitambua, wakaona ya kwetu yafaa kuwa lugha ya kiumbe asiye mtu.

Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka. Kisha kijana mmoja, mwenyeji wa papo hapo, akaniambia kwa adabu: "Mjomba, kumbe Wakenya tulifika huko zamani, ila tulivikwa kinyago." Kicheko kikaniisha.

Haki isemwe: katika sinema hiyo hiyo, aliyeketi kando ya kiumbe yule ni Billy Dee Williams, Mmarekani mweusi, na uso wake u wazi. Lakini tazama mwaka 2015, miaka 32 baadaye. Sinema hizo zilimchukua Lupita Nyong'o wetu, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha tuzwa Oscar, naye akafichwa ndani ya umbo la bibi kizee lililochorwa kwa kompyuta. Sauti ikasikika, sura isionekane. Yeye aliikubali kazi hiyo kwa hiari yake, nami simlaumu. Tena mwaka 2018 Black Panther ilimwonyesha waziwazi, hata ikazinduliwa Kisumu, mwendo mfupi tu kutoka Sigalagala. Lakini mvua ya siku moja haijazi kisima.

Nasi watu wa Pwani tunalo letu. Kiko kitabu cha Frank Herbert kiitwacho Dune, cha mwaka 1965, kilichojaa maneno tuliyoyazoea tangu chuoni: Mahdi, jihadi na mengineyo. Mwaka 2021 Denis Villeneuve alikifanyia sinema, akaenda kupiga picha katika majangwa ya Jordan na Abu Dhabi. Lakini Mahdi anayengojewa ni Timothée Chalamet, na mkuu wa watu wa jangwani ni Javier Bardem, Mhispania. Watu weusi wamo, na hilo ni jema. Bali Mwarabu hakupewa nafasi yoyote kubwa katika sinema ile. Maneno yameazimwa, mchanga umeazimwa, wenyewe wakaachwa mlangoni.

Najua wapo watakaosema: sinema ni upuuzi, tena habari za nyota zisizo na ukweli, zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek. Ndani yake mlikuwa na afisa wa chombo cha angani, mwanamke mweusi, Nichelle Nichols, akiitwa Uhura, jina lililotolewa katika neno letu uhuru. Mtoto mmoja mweusi wa Chicago, Mae Jemison, alimtazama. Mwaka 1992 mtoto yule akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, wala hakuficha kwamba Uhura alimtia moyo. Sinema za namna hii ni ramani ya kesho, na sisi wa Pwani twajua vizuri yampatayo mtu asiyechorwa katika ramani: huja akaambiwa hana kiwanja.

Na kiwanja tunacho. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini, upande wa Malindi, kikaitwa Uhuru. Wavuvi wetu wa Ghuba ya Ungwana wameishi jirani na mlango wa anga. Mbona basi sijaona hata sinema moja ambayo nahodha wa chombo ni Mbajuni au Mgiriama?

Dawa si kulia tu. Mcheza kwao hutuzwa. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Nairobi alitengeneza Pumzi, sinema ya dakika kama 20, inayosimulia Afrika Mashariki ya baadaye, maji yakiwa yamekuwa haba kuliko dhahabu. Shujaa wake aitwa Asha, jina lisilokosekana katika mtaa wowote wa Mombasa. Mchezaji ni Kudzani Moswela, na uso wake mweusi umejaa kioo kizima, hauna kinyago. Mwaka 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani.

Lakini kabla hatujamnyooshea Mzungu kidole, tujitazame. Katika vichekesho vyetu vya redio na televisheni, mlinzi wa mlango ni nani? Ni Mluhya, na matamshi yake ndiyo kichekesho chenyewe. Na mtu wa Pwani ni nani? Mvivu wa kanzu, au mfuga majini. Nasi hucheka, ilhali Muislamu amefundishwa kuwa tofauti ya rangi na ndimi ni ishara ya kuzingatiwa, si daraja ya kubaguana. Yule kijana wa Sigalagala amevikwa kinyago mara mbili: na wa Hollywood, kisha na sisi.

Asubuhi yake mpwa wangu alinisindikiza hadi kituo cha matatu. Tukampita kijana yule akienda karakana. Amevaa ovaroli, miwani ya kuchomelea vyuma kaipandisha juu ya kipaji, uso wake wote u wazi. Wallahi, kwa mbali nilimdhania rubani wa chombo cha angani. Kilichokosekana ni kamera tu.