Jiwe la figo kwa mtoto: uliza upana wa tundu
Mama, ukiambiwa mtoto atatobolewa mgongoni ili atolewe jiwe la figo, uliza upana wa tundu. Mrija wa kawaida una milimita 8 hadi 10. Ule mdogo, ulioanza kutumika kwa watoto miaka ya 1990, huwa kama milimita 5 au 6. Tundu dogo hupunguza upotevu wa damu, na mara nyingi mgonjwa hutoka wodini mapema. Lakini jiwe kubwa lazima lisagwe zaidi, upasuaji unarefuka, na presha ya maji ikipanda ndani ya figo inaweza kusambaza maambukizi. Ndiyo maana madaktari bado wanabishana. Muulize wako: mkojo umepimwa vijidudu? Amezoea kifaa kipi? Mtoto akipata homa nyumbani, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.