Mgeni Asiyepewa Jembe

Washairi wenzangu na wapenzi wa lugha, kuna hoja inayozunguka vinywani mwa wasomi wetu, nami nimechoka kuisikia ikipita bila kujibiwa. Wasema Kiingereza, kwa ukwasi wake, kilikopa kwa Wafaransa jina *bon mot*, yaani kauli fupi ya werevu na kichekesho inayotua pale pale inapotakiwa, ilhali Kiswahili hakina hata neno moja la kuitajia. Kutoka hapo msemaji huruka hadi hukumu: lugha isiyo na jina la kitu haina kitu chenyewe. Hoja hii ni mbovu tangu mzizi, na ubovu wake huonekana hata kabla hatujakigusa Kiswahili.

Tuanzie huko huko Uingereza. Wanaodhani Waingereza walikopa kwa njaa hawajalitazama ghala lao. Walikuwa na *jest*, walikuwa na *quip*. Mwaka 1677 mshairi John Dryden alichukua *wit*, neno la Kiingereza kabisa, akalibandika mkia wenye asili ya Kiyunani, likazaliwa *witticism*. Na papo hapo akaomba radhi kwa kuthubutu kuleta neno jipya. Kama palikuwa na pengo, basi liliisha kuzibwa, tena na mshairi. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 *bon mot* ikabisha hodi, ikafunguliwa mlango. Kwa nini? Kwa sababu zama hizo Kifaransa kilikuwa lugha ya makasri ya Ulaya. Frederick II wa Prussia aliandika kwa Kifaransa, na mwaka 1750 akamkaribisha Voltaire kwake Potsdam. Mwaka 1784 Rivarol alituzwa na Akademia ya Berlin, mji wa Wajerumani, kwa insha iliyokitukuza Kifaransa! Bwana wa London aliyetamka *bon mot* hakuwa akijaza upungufu wowote. Alikuwa akiwajulisha wenziwe kwamba naye amekaa karibu na wakubwa. Alitafuta vazi, na vazi akalipata.

Vazi hilo hajalivua hadi leo. Karibu miaka 300 imepita, na Mwingereza bado hulitamka jina hilo kwa pua ya kuazima, bado huliandika mara nyingi kwa herufi za mlazo, na bado hajaamua kama wingi wake ni *bons mots* au *bon mots*. Sisi twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitabu kilitoka Uarabuni kikiwa neno moja lisilo na kiambishi, tukakitia katika ngeli na kukizalishia vitabu. Hata alama ya barabarani ya Kiingereza tuliigeuza kipilefti, na wingi wake vipilefti. Huko ndiko kukopa. Kwa kipimo hicho, Kiingereza hakijaikopa *bon mot*. Kimeiweka sebuleni tu.

Kuna na wale wanaotaka kutusaidia kwa kutafsiri neno kwa neno: ati *bon mot* ni "neno zuri". Msaada huu una madhara kuliko ile dharau. Mtu akikwambia "nina neno nawe", hujiandai kucheka. Neno zuri ni la kumfariji mfiwa, au la posa. Wengine wanapendekeza methali, nao wamekosea zaidi, maana methali haina mwenyewe, ilhali kauli ya werevu ina msemaji wake, saa yake, na jambo inalolijibu.

Tazameni kisa cha Madame du Deffand, mwenye baraza la mazungumzo mjini Paris katika karne ya 18. Kadinali mmoja alikuwa akisimulia habari za Mtakatifu Denis, ambaye baada ya kukatwa kichwa alikishika mikononi na kutembea nacho mwendo mrefu. Bibi yule akajibu kwamba urefu wa safari si kitu. Kazi ilikuwa hatua ya kwanza. Utamu wote uko katika kile kichwa kilichokatwa. Leo Wafaransa huitumia kauli ile kama methali ya kawaida, kumtia moyo anayeanza kazi ngumu, na kichwa kimesahauliwa. Ilipopata umethali ilipoteza uchale.

Sasa turudi kwetu. Tuna utani, ambao hauruhusiwi ila baina ya watani. Tuna kijembe, kilichokuwa kisu kidogo kabla hakijawa maneno, nacho hakitupwi bila wa kumchoma. Tuna dongo, fumbo, tashtiti, mzaha. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu, miji yao ikiwa katika uhasama, hakuna aliyehitaji jina la Kifaransa ili ajue nani amempata mwenziwe. Kifaransa kimemtazama msemaji na kumsifu: umesema vizuri. Kiswahili huuliza kwanza: umemwambia nani, na kwa haki gani? Ndiyo maana majina yetu ni mengi, na kila moja lina mpaka wake. Kuyakusanya yote chini ya istilahi moja ili tufanane na kamusi ya Oxford ni kuifuta mipaka hiyo, na mshairi asiyejua kutenganisha kijembe na mzaha ataumiza watu pasipo kukusudia.

Na kama bado kuna anayeona lazima tuikope, basi na aikope kama tukopavyo siku zote: bonmo, wingi mabonmo, lipewe ngeli na vipatanishi vyake, litamkwe na muuza samaki bila haya. Kwa herufi za mlazo, mimi silipokei.