Ndovu, Miti na Watu wa Tsavo

Msafiri ashikaye njia ya Mombasa kutoka Nairobi, akishafika Mtito Andei, huona nyika isiyokwisha: udongo mwekundu, vichaka vya miiba na mibuyu hapa na pale. Pengine hudhani nchi kame namna hii haina mwenyewe. Nayo ndiyo Tsavo, iliyotengwa kwa wanyama mwezi wa Aprili 1948, na sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, kwa pamoja zapita kilometa za eneo 20,000.

Wenyewe walikuwako. Waata, ambao jirani zao waliwaita Waliangulu, waliishi kwa kuwinda ndovu. Kuuvuta upinde wao kwataka nguvu ya ratli zaidi ya 100, na mishale ilipakwa sumu ya miti. Nyama ilikuwa chakula. Pembe zilikwenda pwani, na huko mnunuzi ndiye aliyetajirika, si mwindaji. Mipaka ilipowekwa, kazi ya baba zao ikawa kosa. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa Bw. David Sheldrick, Bwana Nyama wa Tsavo Mashariki, walifanya msako mkubwa, na wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana, upande wa mashariki, ili Waata wawinde kwa ruhusa na kwa hesabu. Fikira hiyo ilikuwa njema, tena ya haki, ila haikudumu; baadaye nchi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Uwindaji ulipopungua, ndovu walizidi. Waliivunja miti ya miiba na kuichimba mibuyu kwa pembe hata ikaanguka, na mahali pengi palipokuwa vichaka pakawa uwanda wa majani. Hapo wataalamu wakagombana. Dakt. Richard Laws, aliyekuja mwaka 1967 kuchunguza jambo hili, alitaka ndovu wengi wapigwe risasi, Bw. Sheldrick alikataa, akisema nchi iachwe ijirekebishe yenyewe. Dakt. Laws aliondoka mwaka 1968.

Kisha mvua ikakosa. Katika ukame wa 1970 na 1971 ndovu wapatao 6,000 walikufa, na wengi wao walikuwa majike na watoto. Mtu angedhani walikufa kwa kiu, lakini sivyo, kwa maana mto wa Galana ulikuwa na maji. Waliuawa na njaa. Jike mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, na malisho yote ya karibu na mto yalikuwa yamekwisha. Mfugaji yeyote wa nchi kavu alijua neno hili kabla ya wataalamu kuliandika: kisima kisicho na majani kando yake hakiokoi mnyama.

Baada ya hayo walikuja majangili wenye bunduki, wabaya kuliko ukame. Hesabu ya 1988 ilikuta ndovu kiasi cha 5,400 tu katika nchi yote ya Tsavo. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe, na hesabu ya 2021 ilipata ndovu 14,964. Miti nayo imerudi mahali pengi.

Mzigo wa kupona huko wamchukua mkulima. Katika Taita Taveta, asilimia 62 hivi ya ardhi ya kaunti yote imo ndani ya Tsavo. Watu wamebaki na vilima na ukingo. Ndovu akiingia usiku, mahindi ya mwaka mzima hayafiki asubuhi. Sheria ya 2013 imeahidi fidia, na shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, lakini malipo yamekuwa yakikawia mno, na ahadi isiyolipwa haimfanyi mtu ampende ndovu.

Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamejaribu dawa nyingine: mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kuzunguka shamba. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, kwa kuwa wadudu hao humwuma ndani ya mkonga. Mwenye shamba huvuna na asali. Njia hii yafaa sana miaka ya mvua. Ukame ukizidi, maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga hubaki mitupu wakati ule ule ambapo ndovu wana njaa.